Nililipia mbio nzima, wakanikatia mkia

Nianze na lililonikera, maana nikianza na mazuri nitapoa kabla sijamaliza. Iko huduma moja ya kutazama michezo mtandaoni, tangazo lake siku hizi halikupi nafasi ya kupumua kwenye simu, inauza kifurushi cha michezo ya majira ya baridi. Tangazo lenyewe lina bendera ya Kenya, tena imejaa kioo kizima, na ahadi kwamba utawashangilia mashujaa wako kwa marudio ya kutoka mwanzo hadi mwisho. Habari za ubora wa picha na bei msiniulize, zote wameziandika wao wenyewe. Mimi nililipa kwa sababu ya ile bendera.

Mie si mtu wa theluji. Barafu naijua ile ya kuwekea samaki. Lakini shemeji yangu ni mtu wa Kilifi, na mtu wa Kilifi humwambii kitu kuhusu Sabrina Simader. Huyo binti alizaliwa huko huko Kilifi, mwaka 1998, akaondoka mdogo na mamake kwenda Austria, akakulia milimani, na mwaka 2018 akabeba bendera yetu Pyeongchang, Korea Kusini. Mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi, na mwaka ule alikuwa peke yake, timu nzima ni yeye. Shemeji hakuwahi kuziona mbio zake, ila kuzisikia tu. Nikasema sawa, huyu leo nitamfurahisha.

Tukakusanyika kwangu Kibokoni baada ya isha. Watoto, majirani wawili watatu, wazee wa barazani ambao hufuata harufu ya kahawa popote ilipo. Nikafungua zile mbio zake za Super-G za wanawake, za kuteremka mlima wa theluji kwa ski.

Kwa asiyejua, kwenye michezo hii hawatimki pamoja kama mbio zetu. Anashuka mmoja mmoja, saa ikimhesabu, na wale wenye majina makubwa hushuka mapema. Mtu wa Kenya yuko huko nyuma, unamsubiri. Hatukuona taabu kusubiri. Akashuka Anna Veith wa Austria, kila mtu akajua dhahabu imepata mwenyewe. Hata kituo kimoja kikubwa cha televisheni Marekani siku ile kilishamtangaza mshindi kikahamia mchezo mwingine. Kisha akaja Ester Ledecká wa Czech, namba 26, mtu ambaye watu walimjua zaidi kwa ule mchezo wa kuteleza juu ya ubao mmoja, snowboard, akampiku kwa sehemu moja ya mia ya sekunde! Mwenyewe alisimama pale chini kaduwaa, anaitazama saa kama mtu aliyeletewa bili ya jirani. Nyumba ililipuka. Ledecká hatumjui, hatujui hata kwao ni wapi, lakini tulipiga makofi, na shemeji akasema, "Bado wetu."

Wetu hakuja. Picha ikakatika, likaingia tangazo la kamari, kisha studio, watu wenye tai wanaongea, kisha mbio nyingine kabisa. Nikarudisha nyuma. Nikasogeza mbele. Video imeisha. Simader alimaliza wa 38 siku ile, matokeo yameandikwa dunia nzima, ila kwenye kifurushi chenye bendera yake hayumo. Yaani watu hawa wamezionyesha mbio ambazo waliotoka mapema walikosa hata mshindi, na wao wakatoka mapema vilevile!

Shemeji hakusema neno. Alikusanya vikombe. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nikapiga simu. Nikasubiri na ule muziki wao hadi sikio likawa la moto. Akapokea kijana.

"Mzee, mshindi si umemwona?"

Nikamwambia mshindi si wangu, namtafuta Mkenya. Akacheka. Wallahi akacheka, nikamsikia.

"Mzee wangu, Kenya na theluji wapi na wapi?"

Nikamuuliza, na hiyo bendera mliiweka mkiuza nini, mahamri? Akanijibu kwa sauti ile ya kusoma karatasi kwamba washiriki wa nyuma huwa hawana watazamaji, ndiyo maana hukatwa. Hawana watazamaji! Nyumba yangu siku ile ilikuwa haina pa kuweka mguu. Mimi na huyo kijana hatukuagana vizuri.

Basi hapo nyota moja, na hiyo moja ni kwa vile haiwezekani kutoa sifuri.

Lakini ngojeni, kwa sababu sipendi kudhulumu. Siku kadhaa baadaye mwanangu akachokonoa ile sehemu ya kumbukumbu akakuta Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, 1998. Philip Boit, mkimbiaji wetu wa mita 800 aliyegeuzwa kuwa mtu wa ski, kilomita 10. Nikajiandaa kukatiwa tena. Bjørn Dæhlie wa Norway akafika, kashinda, na kamera ikabaki. Hawa hapa hawakukata! Dakika 20 hivi baada ya bingwa ndipo Boit akatokea, wa 92, wa mwisho, anajikokota, na Dæhlie bado yuko pale mstarini anamsubiri, medali itangoja. Akamkumbatia. Mzee mmoja wa barazani, ambaye hata mpira huukalia kimya, akasema, "Huyo kafunzwa na mamake." Tulipowaambia watoto kwamba Boit alirudi nyumbani akamwita mwanawe Daehlie, wakataka irudiwe. Ikarudiwa. Shemeji naye alikuwepo, akacheka, kidogo ule uso wa siku ile ukaondoka.

Nikasema basi, nyota tatu. Pengine hata nne, nilikuwa na furaha.

Halafu mwezi ukageuka, wakakata pesa kwenye kadi yangu bila kunibishia hodi, na mbio za binti wa Kilifi bado hazijapatikana. Ukitaka kuiondoa kadi hakuna mahali pa kubonyeza, lazima upige namba ile ile, usikilize muziki ule ule. Kumbe kukata wanajua kote kote.

Kwa hivyo msilipe. Au mkilipa, lipeni mwezi mmoja, itazameni Nagano na watoto, na mpige simu ya kujitoa siku hiyo hiyo kabla utamu haujawaisha. Mimi nimepiga. Safari hii alipokea binti mwenye adabu, akaniamkia shikamoo, akaniomba nimtajie jina la huyo mchezaji herufi kwa herufi, akasema atawauliza wenye video. Kadi ameiondoa hapo hapo. Kuhusu pesa ya mwezi wa pili alisema ni idara nyingine.

Nyota mbili. Shemeji anasema moja.