Kabati la bunduki kutoka Ngamiani: chuma kizuri, mlango wa kurekebishwa

Kabati hili ni la bunduki ndefu, na hutengenezwa kwa oda kwenye karakana moja ya kuchomelea vyuma Ngamiani, jijini Tanga. Kimo chake ni sentimita 150, upana 40, kina 35. Linameza shotgun tatu zikiwa zimesimama, na juu kuna kisanduku cha risasi chenye kitasa chake. Mwili wake ni kazi ya kuaminika. Mlango unataka marekebisho mawili kabla hujamaliza kulipa, na sponji iliyobandikwa ndani ibanduliwe siku hiyo hiyo.

Tunaanza na kabati kwa sababu mabishano ya kupiga marufuku bunduki, yanayofufuka barazani kila silaha inapoporwa, hulisahau. Upande mmoja unasema zikusanywe zote. Wa pili unasema jambazi haombi leseni, kwa hiyo marufuku itamnyang'anya silaha mkulima na mlinzi tu. Lakini jambazi naye lazima aipate mahali. Februari 2015, mapambano ya vyombo vya usalama na wahalifu kwenye mapango ya Amboni yalikuja baada ya askari polisi kuporwa bunduki hapa Tanga mwezi uliotangulia. Julai mwaka huo huo kituo cha polisi Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, watu wakauawa na silaha zikachukuliwa. Hizo zilikuwa bunduki halali mpaka dakika zilipobadilisha mikono. Kama za dola huporwa, ya mtu binafsi iliyolala uvunguni ina ulinzi gani?

Pleti ya mwili ni milimita 3, na hapo fundi anastahili sifa. Chuma cha unene huo kina kilo 23 na nusu kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kabati tupu linakaribia kilo 60. La milimita 2, ambalo karakana nyingi hukupa usipouliza, halizidi sana kilo 40, na kona yake hukunjuka kwa mtaimbo. Usikubali neno la mdomo: pima ukingo wa mlango kwa kalipa, kile kipimo cha unene, kabla ya rangi. Tazama pia mishono ya ndani. Hapa imeshonwa mfululizo kutoka juu hadi chini, haikudonolewa kwa vituo vituo vinavyoacha mianya ya kupenyeza ncha ya mtaimbo.

Mlango ndio wenye kasoro. Bawaba ziko nje, na grenda huzikata upesi. Hilo lingevumilika kama upande wa bawaba ungekuwa na flatibaa (ukanda bapa wa chuma) ya ndani inayoingia nyuma ya fremu, ili hata bawaba zikikatwa mlango ubaki umenasa. Haipo, agiza ichomelewe urefu wote. La pili ni uwazi kati ya mlango na fremu upande wa kitasa: kidole kidogo kinapita. Usizidi milimita 3. Fundi atakwambia mlango ulijikunja kwa joto la kuchomelea, na ni kweli, lakini dawa yake anaijua: ashike kwanza kwa vituo, kisha ashone vipande vifupi akibadilisha pande.

Tuseme wazi, hakuna kabati la bei hii linaloshinda grenda. Kazi yake ni kumchelewesha mwizi na kumlazimisha apige kelele. Ndiyo maana kufungia ukutani na sakafuni ni nusu ya kazi, maana kilo 60 wanaume wawili huzibeba wakaenda kuzifungulia porini. Fundi huja na bolti nne za kutanuka za milimita 12. Kwenye sakafu ya zege zinashika vizuri zikizama sentimita 8 hadi 10. Kwenye nyumba za zamani za Pangani au Bagamoyo, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bolti hiyo ikitanuka hulipasua jiwe, na baada ya miezi michache unaichomoa kwa mkono. Huko pitisha nondo yenye nyuzi ukuta mzima, uifunge kwa nati na kipande cha pleti upande wa pili. Tofali za saruji zenye matundu nazo zisiaminiwe.

Sponji inapendeza macho, ila kwa hewa yetu ya chumvi hunyonya unyevu na kuukumbatiza mtutu. Kutu huanza pale pale chuma kinapogusa. Mkoba wa ngozi una tabia hiyo hiyo. Weka vishikio vya mbao kavu iliyopigwa vanishi, pangusa bunduki kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, na tia chembe za kukaushia unyevu, zile zinazobadilika rangi zikishiba. Huokwa upya kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili hivi.

Turudi kwenye hoja. Wanaotaka marufuku hupenda kuitaja Australia, na wana haki: baada ya mauaji ya Port Arthur ya 1996, watu 35 waliouawa, serikali ilinunua na kuharibu bunduki zipatazo 650,000. Wasichokitaja ni kwamba makubaliano yale yale yaliweka masharti ya kufungia zile zilizobaki. Marufuku ya karatasi peke yake tumeishaionja pwani hii. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na bado mwaka 1905 magobore, bunduki za kushindilia baruti mdomoni, yalikuwepo kwenye Maji Maji. Gobore la kienyeji halitoki dukani, kwa hiyo kufunga duka hakulifikii. Linalolifikia ni zoezi la kusalimisha kwa hiari bila kushitakiwa, na Septemba, mwezi wa msamaha wa Umoja wa Afrika, ndio wakati wake. Kwetu marufuku inaweza kufanya kazi pale tu inapoambatana na ukusanyaji na vitasa. Ikikosa hivyo, inawapa wezi orodha fupi ya nyumba za kutembelea.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 tayari inamtaka mwenye leseni aitunze silaha salama. Funguo ndizo zinazoangusha wengi. Kabati hili huja na nne, mbili za mlango na mbili za kisanduku, zote kwenye pete moja. Zitenganishe. Ya risasi isikae chumba kimoja na kabati, wala kwenye kabati la vyombo, ambako kila mtoto wa nyumba anajua pa kupekua. Na ukishawishiwa kitasa cha namba cha betri, hakikisha kina ufunguo wa dharura, maana chumvi hula vile vibati vya betri.