Anki: Programu ya Kadi Inayofuata Mwenendo wa Kumbukumbu

Anki, programu ya kadi za kujisomea, zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili, iliyotolewa mwaka 2006, imejengwa juu ya jambo ambalo mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilionyesha mwaka 1885 kwa kukariri silabi zisizo na maana: mtu husahau sehemu kubwa ya alichojifunza mapema sana, kisha kasi ya kusahau hupungua. Kwa hiyo haikuletei kadi zote kila siku, bali kila moja hurudi unapokaribia kuisahau. Ukijibu vyema, kadi hukaa siku kadhaa kabla ya kurudi, baadaye wiki, hatimaye miezi.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba jibu halionekani mpaka uliombe. Zile sekunde chache za kuhangaika, swali likiwa mbele yako na jibu limefichwa, ndizo zenye faida kubwa, kwani kulitafuta jambo kichwani huliimarisha kuliko kulisoma tena. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006 kwa wanafunzi waliopimwa baada ya wiki moja. Kwa anayesomea lugha au udaktari, naipendekeza bila kusita, ijapokuwa mipangilio yake ni mingi na humchosha anayeanza.

Kazi ya kuelewa, hata hivyo, inabaki kuwa yako. Kadi zilizotengenezwa na wengine zinapatikana kwa wingi, lakini mara nyingi hazishiki, maana taarifa huhifadhiwa vizuri inapofungamanishwa na maarifa uliyo nayo tayari. Tengeneza zako, na badala ya kuuliza vali zote nne za moyo kwa pamoja, ipe kila vali kadi yake na swali moja fupi.