TAHADHARI: "Wakala wa vibali" wa ndege ndogo uwanja wa Wilson (Nairobi), kibali chake cha kuingia Tanzania ni feki na ameenda na shilingi 68,000 zangu

Wadau wa ndege ndogo, hasa nyinyi mnaorukia Wilson na mnapanga kuvuka mpaka kwa mara ya kwanza, someni hii hata kama ni ndefu, naiandika hasira bado haijaisha kwa hivyo mtanivumilia.

Kuna jamaa anajiita wakala wa vibali vya ndege. Jina siliandiki, nishaandikisha ripoti kwenye kitabu cha polisi (OB) na nimeambiwa niwaachie wao, halafu hata sidhani hilo jina ni lake. Picha yake ya WhatsApp ni mtu amevaa riflekta amesimama kando ya ndege aina ya Caravan, nyuma yake hanga imefunguliwa. Mimi nikaona huyu ni mtu wa kiwanja bana.

Ilikuwa hivi. Mimi, mke wangu na shemeji tulitaka kwenda Zanzibar wikendi ndefu, na ndege ndogo aina ya Cessna 182 tunayomiliki watu watatu. Malindi, Lamu, Mombasa nimeenda hadi nimechoka, lakini nje ya Kenya nilikuwa sijawahi kurusha. Si mbali, kilomita kama 600, masaa mawili na nusu hivi hewani. Nikauliza kwenye grupu moja kama kuna mtu anajua utaratibu wa kibali cha kutua Tanzania, na kabla wenzangu hawajajibu huyu jamaa ashaingia inboksi, "kapteni hiyo ni kazi ndogo, niachie mimi."

Kilichonimaliza ni lugha yake. Swali lake la kwanza halikuwa pesa, aliuliza kama tenki zangu zinatosha kwenda na kurudi ama nitahitaji avgasi kule (petroli ya ndege za injini za pistoni kama yangu). Sasa mtu ambaye hajawahi kushinda kiwanjani hawezi kuuliza hivyo. Sisi wa injini za pistoni tunajua Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, utaipata karibu kila kiwanja kikubwa lakini avgasi lazima uulizie na upangiwe mapema, la sivyo utabaki umeegesha ndege ukiangalia bahari. Hiyo hofu anaijua na ndiyo aliyoishika. Akasema ananiwekea lita 150 pale Zanzibar, nilipe nusu sasa nusu nikifika.

Halafu akanitumia "sampuli ya kazi", kibali cha ndege nyingine iliyokuwa inaenda Kilimanjaro, pamoja na leseni ya rubani wake na ukurasa wa picha wa paspoti yake. Nikasema huyu kazi anaijua. Hata sikujiuliza ni mtu mwaminifu gani huyu anayesambaza paspoti ya mteja kwa mtu ambaye wamejuana dakika kumi. Hiyo kitu shikeni, nitairudia.

Hesabu ilikuwa kibali 18,000, hendlingi (kuhudumia ndege kiwanjani) 15,000, ada za kiwanja 10,000, dipoziti ya avgasi 25,000. Zote M-Pesa, namba ya kawaida si tili si peibili, jina lililotokea ni la mwanamke, eti ni mhasibu wao. Nikatuma. Ndiyo najua, msinicheke.

Akaitisha makaratasi: cheti cha usajili wa ndege, kile cha kuonyesha ndege inafaa kuruka, bima, leseni yangu, medikali, leseni ya redio, paspoti zetu watatu. Hapo huwezi kumshuku kwa sababu mengi ya hayo ni yale yale yanayotakiwa yawe ndani ya ndege kwa mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga wa kimataifa, kifungu cha 29, kila mtu aliyesomea PPL, leseni ya rubani binafsi, aliyakariri. Kwa hivyo nikaskani kila kitu vizuri kabisa kwa rangi nikamtumia. Akajibu, "nimepitia zote kapteni, ziko sawa." Kumbe hakusoma hata moja. Nilikuja kuisoma ile bima mwenyewe baadaye, eneo lililoandikwa ni Kenya peke yake! Yaani hata kama kibali kingekuwa cha kweli ningevuka mpaka bila bima, na wakala anayejua kazi hilo angekuwa ameshaliona.

Shemeji naye alikuwa hana kadi ya homa ya manjano, na Zanzibar ukitoka Kenya wanaitaka. Jamaa akasema si shida, 3,000 kadi inakuja bila sindano. Shemeji ni nesi, akakataa kabisa akaenda kuchanjwa wiki mbili kabla, maana cheti huanza kuhesabika baada ya siku 10 (na tangu 2016 kinatambulika maisha yako yote, kwa hivyo mkichanjwa ni mara moja mmemaliza). Akaniambia, "shem, mtu anayeuza kadi ya chanjo atashindwa kuuza hiyo karatasi yako?" Nikamwambia mambo ya ndege aniachie mimi.

Kibali kikaja baada ya siku mbili. PDF safi, nembo, muhuri, namba, sahihi. Ijumaa asubuhi mabegi yashapimwa, mke na shemeji wameketi wananisubiri, mimi niko ofisi ya brifingi naweka flaiti plani. Yule afisa akaichukua karatasi, akaisoma, akanyamaza, akaisoma tena. "Kapteni, hii umeipata wapi?"

Akanionyesha kwa kalamu. Mimi niliomba kutoka saa tatu asubuhi na karatasi imeandikwa 0900Z. Z ni UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa masaa matatu, kwa hivyo saa tatu yetu ya asubuhi ni 0600Z, hiyo 0900Z ni saa sita mchana. Kiwanja nacho kimeandikwa ZNZ, ambao ni msimbo wa kwenye tiketi za abiria na mabegi, wakati karatasi za safari ya ndege zinatumia ule wa herufi nne, HTZA. Mambo mawili ambayo mimi mwenye leseni nilipaswa kuyaona kwa sekunde tano, na nilikaa na hiyo PDF siku nane nikiwaonyesha marafiki.

Nikatafuta namba ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, si ile iliyokuwa kwenye karatasi, nikapiga Dar mwenyewe. Namba ya kibali haipo kwao. Nikampigia jamaa, akashika, akasema "mfumo uko chini kapteni wewe ruka tu, nitawasawazishia ukiwa hewani." Hapo ndipo damu ilinipanda. Ruka tu? Niingie anga ya nchi ya watu na namba ya kubuni, nitue, ndege izuiliwe, na mke wangu ameketi ndani? Nikamjibu vibaya, akakata, akaniblok.

Nikafowadi ile meseji ya M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom kuomba irudishwe, pesa ilishatolewa kitambo.

Sasa wenye safari. Utaratibu wote uko kwenye AIP, kitabu rasmi cha taarifa za anga cha kila nchi, itafuteni kwa KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya) na TCAA, nendeni sehemu ya GEN 1.2 ndiyo inazungumzia ndege kuingia, kupita na kutoka, someni kabla hamjaongea na mtu yeyote. Wakala si lazima awe mbaya, wako wa kweli wenye ofisi na risiti na wanakupunguzia kuhangaika, lakini akikupa namba ya kibali pigia simu wewe mwenyewe mamlaka iliyokitoa, na hiyo namba ya simu uitoe kwenye AIP. Mafuta pia, ongea na muuzaji wa kule moja kwa moja. Na bima ulizeni kwa maandishi inafika nchi gani.

Lakini inayoninyima usingizi siyo pesa, ni yale makaratasi. Jamaa ana skani za rangi za ndege yetu, leseni yangu, paspoti ya mke wangu na ya shemeji. Nimeshawaarifu KCAA na bima, na wenzangu wawili tunaomiliki ndege pamoja hawaongei na mimi vizuri tangu hiyo siku. Kwa hivyo ukitumiwa "sampuli ya kazi" ya Cessna 182 nyeupe yenye mstari wa bluu, safari ya Wilson kwenda Zanzibar, saa imeandikwa 0900Z, huyo mteja aliyehudumiwa vizuri ni mimi. Usilipe, piga skrinshoti uniletee.

Na wewe rubani wa ile safari ya Kilimanjaro, paspoti yako ninayo kwenye simu yangu na sikuwahi kukuomba. Kama unasoma hapa njoo inboksi nikupe namba ya OB, ya kwako iingie kwenye faili moja na yangu.