Kikundi cha bipola: kukutana ana kwa ana au WhatsApp?

Kikundi cha WhatsApp cha wenye bipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, kina faida moja kubwa: saa tisa usiku, usingizi ukikataa, kuna mwenzako aliye macho. Hatari nayo iko hapohapo. Kukesha kunaweza kuchochea mania, yaani kipindi cha msisimko uliopitiliza, na anayetuma jumbe mfululizo usiku kucha huonekana mchangamfu tu. Tena ushauri wa kuacha dawa husambaa haraka huko, ilhali lithiamu, dawa ya bipola, ikikatwa ghafla ugonjwa huweza kurudi kwa kishindo.

Kwenye mkutano wenzako wanakuona: unaongea mbio, umekonda, kitini hukai. Watakuuliza kama umepima damu kuangalia kiwango cha lithiamu. Nauli inauma, kweli, na majirani wana macho. Hata hivyo ningechagua mkutano. Simu ibaki ya kukumbushana tarehe za kliniki.