Metronomu ya Wittner yenye kengele, kwa mnaohangaika na nne juu ya tatu

Kama unafanyia mazoezi kipande cha piano cha Chopin, Fantaisie-Impromptu, na mikono inagombana, soma hii. Naongelea metronomu (kifaa cha kutoa tiki za kushika mwendo) ya Wittner, ile ya Ujerumani yenye umbo la piramidi, ya kujaza kwa ufunguo, na hakikisha unachukua yenye kengele maana kuna isiyo nayo ya bei ya chini na kwa kazi hii haitakufaa sana.

Shida ya hiki kipande wote tunaijua, kushoto inapiga noti tatu muda uleule ambao kulia inapiga nne, na kibaya zaidi kulia ikiingia mara ya kwanza haianzi na noti, inaanza na kimya, yaani pale pale ambapo mikono ingekutana ujue uko wapi unasikia kushoto peke yake. Ndo maana wengi wanapotea kabla hata hawajaanza.

Sasa kengele ndo inaokoa. Pembeni kuna kijiti unakivuta, unachagua igonge kila baada ya mapigo 2, 3, 4 au 6. Weka 60, yaani tiki 60 kwa dakika, kengele kwenye 3, piga kushoto tu, kila tiki noti moja. Kisha sogeza kile kizito cha kwenye fimbo inayocheza hadi 80, kengele kwenye 4, piga kulia tu. Angalia hapo: kengele inagonga mara 20 kwa dakika kote kuwili! Tiki zimebadilika ila sehemu ya kukutana iko palepale, na sikio linaishika bila kuhesabu chochote. Ukizoea panda 66 na 88, halafu 72 na 96, halafu 120 na 160, zote zimo kwenye kipimo chake. Ikikushinda kabisa shuka hadi 42 na 56, ni taratibu mno lakini inafanya kazi.

Ukianza kuunganisha mikono usikimbilie mwendo. Mfuatano ni huu: pamoja, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na ile noti ya tatu ya kulia inakaa katikati kabisa ya noti ya pili na ya tatu ya kushoto, ukiipata hiyo zingine zinajipanga zenyewe. Mimi napenda kuanza na kimya kile kijazwe na noti yoyote, nikishatulia ndo nakirudisha.

Apu za simu zipo na nyingine zinakupigia tatu na nne kwa wakati mmoja, kwa maoni yangu hiyo inakuzoesha kufuata kelele badala ya kusikia mikono yako, na kwa Chopin mkono wa kushoto lazima utembee wenyewe.

Vya kuzingatia: iwe juu ya kitu kilichonyooka, ikiinama kidogo tu tiki inachechemea, moja ndefu moja fupi, na kwa mazoezi ya mdundo hilo ni balaa. Spring inaisha, unajaza tena. Haina sehemu ya hedifoni, kwa hiyo kama jirani yuko ukuta wa pili usiku sahau kengele. Bei nayo siyo ya mchezo ukilinganisha na apu ya bure.

Nyota 5 kutoka kwangu, na ukimaliza hiki kipande peleka hiyo 60 na 80 kwenye ile etude (kipande cha mazoezi) ya F mdogo (F minor) ambayo Chopin aliiandika 1839, ni tatu juu ya nne mwanzo mwisho, ila huko zinabadilishana, tatu ziko kulia.