Uzoefu wangu na pula ya kuchomoa shafti iliyokwama kwenye boti ya jeti

Boti yangu ni ndogo, ya faibaglasi, inayosukumwa na jeti ya maji badala ya propela ya nje, nami huitumia kutembeza wageni ndani ya miamba ya Diani, hata wakati maji yamepwa na boti nyingine zimelala mchangani. Bill Hamilton wa New Zealand alipoendeleza mashine za namna hii katika miaka ya 1950, alikuwa akifikiria mito ya maji baridi yenye kina kifupi, wala si chumvi yetu. Kusi ilipokwisha nilitaka kubadilisha sili ya kaboni (kizuizi cha maji kwenye shafti) iliyokuwa ikiingiza maji kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, kazi isiyowezekana bila kuchomoa shafti inayounganisha injini na impela (panga linalosukuma maji ndani ya jeti), na shafti ikakataa kutoka.

Kabla ya kununua kifaa chochote ni vyema kujua kilichokwama ni kipi. Baada ya kuondoa pampu na plagi, niliizungusha injini kwa mkono na kuona shafti ikizunguka pamoja nayo bila kukwaruza, ila haikusogea nyuma hata kidogo. Injini ilikuwa nzima, kumbe kilichoshikana ni meno ya mbele ya shafti ndani ya kikombe chake upande wa injini. Grisi ikikauka mahali hapo, maji ya chumvi hula chuma cha kikombe, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, meno hubanwa kana kwamba yamechomelewa.

Fundi mmoja alishauri tuigonge shafti ubavuni ili kutu ipasuke, ushauri ambao sikuufuata kwa sababu shafti iliyopinda hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho hutetemesha boti nzima na kuua sili mpya. Mwingine alitaka injini itolewe yote, jambo ambalo ni salama lakini gharama yake ni kubwa. Ndipo nikaagiza seti ya pula ya nyundo: vibano viwili vya chuma vyenye shaba laini kwa ndani, fimbo ndefu, na kipande kizito kinachoteleza juu ya fimbo hiyo mpaka kigonge kizuizi cha mwisho, hivyo kila pigo huivuta shafti kwa mstari ulionyooka kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti.

Karatasi ya maelekezo inazungumza kana kwamba kazi yote ni kufunga na kugonga. Si kweli. Nguvu ya pula hupita kwenye krankishafti (mhimili mkuu wa injini) na beringi zake, kwa hiyo anayegonga kwa hasira kabla kutu haijalegea anaweza kununua tatizo kubwa kuliko lile alilokuwa nalo. Niliinua tezi kwa jeki na kushusha omo, yaani mbele ya boti, ili mafuta yatiririke kufuata shafti hadi kwenye kikombe, kisha nikawa natia mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asitoni, asubuhi na jioni, kwa siku kadhaa, kila mara nikiyaacha yazame yenyewe. Boti ikiwa imelala sawa, mafuta hayo yangeishia kwenye ngama, na hapo ndipo wengi hulaumu mafuta bure.

Baadaye nilitumia joto, na sehemu hii sitaipitia haraka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa chini kwenye ngama, na asitoni nayo huwaka upesi, kwa hiyo nilitoa tangi, nikaondoa betri, nikakausha ngama na kuiacha wazi ipigwe na upepo hadi harufu ikaisha kabisa. Hata hivyo sikuwasha moto wa gesi. Nilitumia mashine ya hewa ya moto, nikipasha kikombe peke yake ili kipanuke kuliko shafti, na nikaacha kabla mpira wa sili ya injini haujaanza kuhisi joto hilo. Mapigo mepesi yaliyofuata yalitosha: ulisikika mlio mkavu, unga wa kahawia ukamwagika, na shafti ikateleza.

Kuhusu kifaa chenyewe, fimbo na nyundo yake ni imara na sina la kulalamikia. Vibano viliteleza mwanzoni mpaka nilipoipangusa shafti mafuta yote, jambo ambalo maelekezo hayakulitaja. Kasoro kubwa ni bolti za kukazia, kwani moja ilikatika nyuzi nikiwa bado naikaza. Nilizibadilisha zote kwa bolti zenye alama ya uimara ya 8.8 kichwani, na mnunuzi asingoje zimkatikie. Kwa sababu hiyo naipa nyota nne kati ya tano.

Meno niliyasugua kwa brashi ya waya, nikaibingirisha shafti juu ya kioo kuhakikisha haikupinda, kisha nikairudisha kwa grisi ya baharini. Kwa wenye boti ambazo shafti yake haichomolewi kupitia nyuma, seti hii haitawafaa; wathibitishe muundo wa boti zao kabla ya kulipa.