Nyuki wa asali au nyuki mkata majani, yupi anafaa shamba la mbegu za lusani (alfalfa, jani la malisho ya mifugo)?

Swali hili wakulima wa Marekani na Kanada wanalijua vizuri. Kwenye kustahimili sumu za dawa nyuki wa asali yuko mbele sana, ana vimeng'enya vya kundi la CYP9Q vinavyoivunja thiacloprid, dawa ya kuua wadudu, haraka, mkata majani (Megachile rotundata) hana kabisa, na utafiti wa 2019 ulikuta dawa hiyo inamdhuru zaidi ya mara 2,500 kuliko nyuki wengine wa kufugwa. Yani ukiambiwa dawa ni salama kwa nyuki, uliza nyuki gani! Ila imidacloprid, dawa nyingine ya wadudu, inamshinda hata wa asali.

Kuchavusha sasa, ua la lusani linafyatuka na kumpiga nyuki, wa asali akishajifunza anaiba nekta kwa pembeni, mkata majani hajali anapiga kazi. Matunzo: wa asali anataka mzinga na kupambana na utitiri wa varoa, lakini unavuna asali, mwenzake anataka mbao za matundu ya kutagia na vifukofuko vyake vyenye watoto vikae kwenye baridi hadi msimu ujao.

Jirani akipuliza dawa ovyo, kuleta mkata majani ni kumuonea bure. Kama unaweza kusimamisha dawa kipindi chote cha maua na shida yako ni mbegu, mchukue yeye.